Seventh Son: Marekani ambayo Washington hakuwahi kuwa rais (tahadhari, nataja kisa chote)

Msomavitabu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naleta uzi kuhusu riwaya ambayo nina hamu ijadiliwe hapa jukwaani: Seventh Son ya Orson Scott Card, iliyotoka 1987. Mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Locus ya riwaya bora ya fantasia. Ni kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Alvin Maker. Kilifuatiwa na Red Prophet (1988) na Prentice Alvin (1989), halafu ukaja ukimya mpaka Alvin Journeyman (1995), Heartfire (1998) na The Crystal City (2003). Wengi humjua Card kwa hadithi za vita vya anga za juu. Huku hakuna hayo, wala hakuna joka na kasri. Kuna shoka, mto uliofurika, kanisa la mbao ambalo halijaezekwa, na familia ya msaga nafaka inayohamia magharibi kutafuta ardhi.

Historia inaanza kupindishwa Uingereza. Katika dunia yetu Oliver Cromwell, aliyeitawala Uingereza wakati ufalme umeondolewa, alifariki 1658, na 1660 ufalme ukarudi chini ya Charles wa Pili. Katika riwaya, Cromwell anaendelea kuishi kwa sababu anaye mganga aliye mtoto wa saba wa mtoto wa saba. Ufalme haurudi. Ukoo wa kifalme wa Stuart unakimbilia makoloni ya kusini mwa Marekani na kuweka makao yake katika mji uitwao Camelot. New England, kaskazini-mashariki, inabaki chini ya Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, na sheria zao za kusaka wachawi. Katikati kuna Marekani ndogo, na mojawapo ya majimbo yake, Irrakwa, ni la wenyeji asilia wenyewe, lenye viwanda vyake. Milimani kuna Appalachee, nchi ya akina Tom Jefferson. Hakuna vita vya uhuru kama tunavyovijua, na hakuna Rais Washington.

Sasa kuna jambo moja ambalo ndilo lililonifanya niipende. Katika dunia hii imani za watu wa kawaida zinafanya kazi kweli. Walowezi halisi wa karne ya 18 na ya 19 walichora alama za kinga kwenye nyumba na maghala yao, walitafuta maji ardhini kwa kijiti chenye panda, na waliamini kwamba mtoto aliyezaliwa na utando usoni ana jicho la ndani na kwamba mtoto wa saba wa mtoto wa saba anaponya. Card hakuleta uchawi kutoka vitabu vya kale vya Ulaya. Alichukua waliyoyaamini watu hao na kuyageuza kuwa kanuni za dunia yake. Mtu mmoja ana kipaji cha kuwasha moto kwa kutazama tu. Mwingine hutengeneza mapipa yasiyovuja hata tone. Ndiyo maana nchi mpya imejaa vipaji: Ulaya iliwafukuza watu wa aina hiyo, wakaishia mpakani kabisa, porini.

Sura za mwanzo ni kati ya kurasa bora nilizosoma katika fantasia yoyote. Familia ya Miller inavuka mto Hatrack ukiwa umefurika. Mama ana mimba ya mtoto wa saba wa kiume, na mumewe naye ni mtoto wa saba. Mti mkubwa uliong'olewa na mafuriko unakuja moja kwa moja kwenye gari alimo mama. Vigor, kaka mkubwa, anajirusha kuuzuia. Anausukuma pembeni, lakini mti unamponda na kumchukua. Hapo ndipo hesabu inapotisha: mtoto atakuwa wa saba kweli ikiwa tu ndugu zake wote sita wako hai wakati anazaliwa. Peggy, binti wa miaka mitano wa nyumba ya wageni iliyo karibu, ana kipaji cha kuona moto wa moyo wa kila mtu hata aliye mbali. Anauona wa Vigor ukififia mtoni huku kijana akikataa kufa. Anang'ang'ania mpaka mtoto anatoka. Peggy ndiye anayemwondolea mtoto utando usoni apate kupumua, kisha anautunza, na kwa utando ule atamlinda kwa miaka mingi akiwa mbali naye.

Mtoto ndiye Alvin. Adui yake ni nguvu ya kubomoa, kitu kinachotaka kila kilichoumbwa kirudi kuwa vumbi, na silaha yake kuu ni maji. Baba mtu amekuwa akiona ajali baada ya ajali zikimwandama mtoto huyu. Linalomtesa zaidi ni kwamba naye, bila kujua kwa nini, hujikuta mikono yake ikiwa karibu kumdhuru mwanawe. Anamweleza msimulizi mmoja msafiri, na ile sura si ya kusoma haraka.

Kuna na sura ya mende. Alvin akiwa bado mdogo ana mapatano na mende wa nyumbani, kwa hiyo wanamwamini. Siku amekasirika na dada zake, anawadanganya mende kwamba chumbani kwa wasichana kuna chakula. Wanakwenda, wanakanyagwa kwa wingi, naye anacheka. Usiku ule anatokewa na mtu anayeng'aa, anayemwonyesha tukio lote kwa macho ya mende wale: waliamini, wakafa. Alvin anaapa kutotumia uwezo wake kwa manufaa yake mwenyewe peke yake. Kiapo hicho kinakuja kumbana baadaye jiwe la kusagia linapomvunja mguu, kwa maana anaweza kujiponya lakini anaona ni haramu kwake.

Huo ndio upande ninaousifu. Nina na dukuduku. Yule mtu anayeng'aa ni Lolla-Wossiky, mlevi mwenye jicho moja anayekuja kuwa nabii Tenskwa-Tawa, na Red Prophet kinahusu watu wake. Kitabu hicho cha pili ni kikali na kina uchungu, lakini mwisho wake unanikera kila ninapoufikiria: baada ya wazungu kuwaua watu wake mahali paitwapo Tippy-Canoe, Nabii anawaongoza waliobaki wavuke mto Mizzipy (yaani Mississippi) waende magharibi, wazungu wabaki mashariki, na mto uwe mpaka. Yaani katika Marekani ambayo mwandishi alikuwa huru kuibadilisha apendavyo, wenyeji asilia bado wanaondoka. Tena wanaondoka kwa hiari.

Karibuni.

Nyota ya Kusini

Mkuu Msomavitabu, uzi mzuri. Ngoja niongeze jambo ambalo ukilijua riwaya inafunguka upya.

Card ni muumini wa kanisa la Wamormoni, tena wa uzao wa Brigham Young, na maisha ya Alvin yamejengwa juu ya maisha ya Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo. Smith alizaliwa Vermont Desemba 1805. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi aliugua mfupa wa mguu, na badala ya kuukata mguu, madaktari walitoa vipande vya mfupa ulioharibika, naye akakataa pombe ya kumtuliza maumivu. Sasa angalia Alvin: mguu umevunjika, mfupa una ugonjwa, na lazima kipande kikatwe akiwa macho kabisa. Kaka mkubwa wa Smith aliitwa Alvin, na alifariki 1823. Katika riwaya kaka mkubwa anafariki, na jina la Alvin linabebwa na mdogo. Smith aliuawa na kundi la watu gerezani Carthage, Illinois, Juni 1844. Huku mji wa gavana mwovu, Harrison, unaitwa Carthage City.

Na ule uchawi wa kienyeji ulioueleza una uhusiano na jambo hilohilo. Smith kijana alijulikana kwa kutafuta hazina zilizofukiwa kwa kutazama ndani ya jiwe. Mazingira yale ya watu wa mashambani, wenye Biblia mkono mmoja na kijiti cha kutafutia maji mkono mwingine, ndiyo yaliyomlea. Kwa hiyo ninavyoona mimi, Card alikuwa anaandika habari za mababu zake wa kiimani, akiwapa heshima ambayo wasomi wa mjini hawakuwapa.

Ndiyo sababu Mchungaji Thrower ni muhimu sana. Ni mtu wa elimu, ametoka Scotland, anadharau alama za kinga na kuziita ushirikina. Halafu anatokewa na Mgeni anayemdhania kuwa malaika, kumbe ni yuleyule Mbomoaji. Anatumwa amuue Alvin kwa kisingizio cha kumpasua mguu. Anaingia chumbani na kisu, na anashindwa. Measure, kaka yake Alvin, ndiye anayefanya kazi ile, huku Alvin akimwongoza mahali pa kukata. Nilikisoma kipande hicho nikiwa nimeshika pumzi.

Mvuvi wa Hadithi

Samahani kwa swali la mgeni. Mtu asiyejua historia ya Marekani ataelewa? Maana hapo nimesikia Cromwell, Jefferson, Irrakwa, nikaanza kuogopa.

Msomavitabu

Ndugu yangu, ingia bila hofu. Kitabu cha kwanza ni hadithi ya familia moja na mtoto mmoja, karibu yote inatokea katika kijiji kimoja. Historia iko nyuma ya pazia. Ukiijua utafurahi zaidi, kwa mfano ukitambua kwamba yule msimulizi msafiri, Taleswapper, ni mshairi William Blake, ambaye katika dunia yetu hakuwahi kutoka Uingereza. Hapa anazunguka porini na kitabu chake, akiomba kila anayekutana naye aandike humo sentensi moja ya jambo muhimu kuliko yote aliyowahi kulifanya au kulishuhudia. Kwa kusoma Seventh Son hayo yanatosha. Red Prophet ndicho kitakachokutaka ujue nani alikuwa Tecumseh.

Kumbukumbu

Naomba niingie hapo kwa Tecumseh, kwa sababu Red Prophet kimesimama juu ya matukio ya kweli na ni vizuri tuone kipi kimebadilishwa.

Tecumseh na nduguye Tenskwatawa, yule Nabii, walikuwa viongozi wa kabila la Washawnee. Tenskwatawa kweli alikuwa na jicho moja, kweli alikuwa mlevi, na mwaka 1805 alipata maono yaliyomfanya aache pombe na kuanza kuhubiri. Mwaka 1806 alitangaza kwamba jua litafichwa, na tarehe 16 Juni kukatokea kupatwa kwa jua. Jina lake likaenea. Mwaka 1808 ndugu hao walianzisha Prophetstown, pale mto Tippecanoe unapoingia Wabash, Indiana ya leo. Walikusanyika humo Washawnee, Wapotawatomi, Wakickapoo na wengine wengi. Mwaka 1809 gavana William Henry Harrison akapata mkataba wa Fort Wayne, uliochukua ekari zinazokaribia milioni 3. Tecumseh akamwendea Harrison Vincennes mwaka 1810 na kumwambia usoni kwamba ardhi ni ya watu wote kwa pamoja, hakuna kabila lenye mamlaka ya kuiuza peke yake.

Novemba 1811, Tecumseh akiwa kusini kutafuta washirika, Harrison aliongoza askari kama 1,000 mpaka karibu na mji. Alfajiri ya tarehe 7 wapiganaji wa Prophetstown walishambulia kambi. Inasimuliwa kwamba Nabii aliwaahidi risasi hazitawadhuru. Walirudi nyuma baada ya masaa mawili hivi, na kesho yake Harrison akauchoma mji.

Sasa riwaya. Huko hakuna vita. Wazungu wa Vigor Church, kijiji cha akina Miller, wamedanganywa kwamba Alvin na Measure wameuawa na wenyeji. Wanakuja na bunduki, na watu wa Prophetstown wanasimama bila silaha, wanauawa maelfu bila kuinua mkono. Mimi naamini Card hapo hakuwa anaandika Tippecanoe. Alikuwa anaandika Gnadenhutten, Ohio. Machi 1782 wanamgambo kutoka Pennsylvania waliwakamata wenyeji asilia wa kabila la Walenape waliokuwa Wakristo, wafuasi wa wamisionari wa Moravia, watu wasiopigana na mtu. Wakawafungia ndani ya nyumba mbili, wanaume huku, wanawake na watoto kule. Wakapiga kura wakaamua wawaue. Usiku kucha wale watu walisali na kuimba. Asubuhi ya tarehe 8 waliuawa 96, na 39 kati yao walikuwa watoto. Hakuna muuaji hata mmoja aliyeshtakiwa.

Katika riwaya Nabii anawalaani wauaji: kila siku, kila mgeni wanayekutana naye lazima wamsimulie walichokifanya, wasipofanya hivyo mikono yao inachuruzika damu. Kijiji kizima cha watu wa kawaida, wema kwa majirani zao, wanaishi wakisimulia aibu yao. Harrison wa kweli aliitumia Tippecanoe kama wimbo wa kampeni akashinda urais 1840. Ukiweka hayo mawili pamoja utaona laana ile imelenga wapi. Hiyo ndiyo kazi ambayo historia mbadala inaweza kuifanya na kitabu cha historia hakiwezi.

Binti Pangani

Nakubaliana na Kumbukumbu, na kwa hilo nampinga mleta uzi kwa heshima zote.

Kaka Msomavitabu unasema wanaondoka. Soma mbele. Ule mto unakuwa ukuta kweli. Nabii anaufunika kwa ukungu, na hakuna mzungu anayevuka bila idhini yake. Nusu nzima ya bara, kutoka Mississippi mpaka bahari ya Pasifiki, inabaki mikononi mwa wenyewe. Hakuna reli itakayopita, hakuna nyati watakaomalizwa, hakuna mauaji kama yale ya Wounded Knee. Wewe unaona kuhama, mimi naona nchi iliyookolewa. Tena Irrakwa wanabaki mashariki na jimbo lao na viwanda vyao, kwa hiyo si kweli kwamba wote wanafukuzwa. Card amewapa njia mbili, na zote mbili katika historia halisi zilizibwa.

Msomavitabu

Dada yangu, hoja yako ina uzito, na nimeifikiria kabla ya kujibu. Bado siridhiki, na sababu yangu ni mahali penyewe.

Vigor Church iko Indiana. Mwaka 1830 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyompa rais mamlaka ya kufanya mikataba ya kuwahamisha wenyeji asilia waende magharibi ya Mississippi. Hoja iliyotumiwa na serikali ilikuwa ipi? Kwamba ni kwa faida yao wenyewe. Kwamba watu hawa na wazungu hawawezi kukaa pamoja, na huko ng'ambo ya mto watapata nchi isiyoguswa na mtu. Washawnee wa Wapakoneta, Ohio, wakaondolewa 1832. Wapotawatomi wa Indiana, watu walewale ambao baba zao walijaa Prophetstown, walikusanywa kwa mtutu wa bunduki Septemba 1838, zaidi ya 850, wakatembezwa mpaka Kansas. Zaidi ya 40 walikufa njiani, wengi wao watoto. Wamiami wa Indiana walifuata 1846, walipakizwa mashuani. Tenskwatawa mwenyewe, yule wa kweli, alifia Kansas 1836.

Sasa katika riwaya Nabii anafika kwenye maamuzi yaleyale ya ile sheria: damu hizi mbili haziwezi kuishi nchi moja, na mto uwe mpaka. Tofauti ni kwamba sasa maneno hayo yanatoka kinywani mwa Nabii, na msomaji anafunga kitabu akiwa ametulia. Hapo ndipo ninapokwama. Vigor Church wanalaaniwa kusimulia mauaji ya siku moja, lakini shamba wanabaki nalo. Ardhi inabaki kwao na hakuna laana juu ya ardhi.

Na kuhusu Irrakwa, angalia Wacherokee wa kweli. Sequoyah alikamilisha mwandiko wa lugha yao 1821. Waliandika katiba 1827, na 1828 wakawa na gazeti lao. Walifanya kila walichoambiwa ni ustaarabu. Waliondolewa vilevile 1838, na wanaokadiriwa kufikia 4,000 kati ya kama 16,000 walikufa.

Binti Pangani

Hilo la shamba sikuwa nimelitazama hivyo. Lakini nakuuliza swali moja: wewe ungeandikaje? Kama Nabii angebaki mashariki akashinda, ungeiamini hadithi? Au ungesema mwandishi amewapamba?

Msomavitabu

Ningeiamini, kwa sababu mwaka 1812 lilikuwa jambo linalowezekana. Agosti ile Tecumseh na jenerali Brock wa Uingereza waliiteka Detroit karibu bila kupigana. Kulikuwa na mpango wa Waingereza kudai nchi ya wenyeji asilia kusini ya Maziwa Makuu, na waliuleta mezani kwenye mazungumzo ya Ghent 1814, kisha wakaachana nao. Tecumseh alikuwa ameshauawa kwenye mapigano ya mto Thames, Oktoba 1813. Mwandishi mwenye uhuru wa kumrefushia Cromwell maisha angeweza kumrefushia na Tecumseh. Nchi ya makabila mengi hapo Ohio na Indiana, yenye mipaka, yenye mabalozi, inayopakana na akina Miller. Alvin akue akiwa na jirani wa taifa lingine asiyeondoka. Hiyo ningependa kuisoma.

Kumbukumbu

Hapo umenena. Niongeze lingine linalonisumbua. Wenyeji wa riwaya wanasikia wimbo wa ardhi, wanakimbia usiku kucha bila kuvunja hata kijiti, wanyama wanajitoa wenyewe kwao wachinjwe. Kunasomeka vizuri, lakini kunawatoa katika siasa. Tecumseh halisi alikuwa mwanadiplomasia aliyesafiri kutoka Maziwa Makuu mpaka kwa Wacreek kusini akijenga muungano, kwa hoja na mikutano. Na Nabii halisi alikuwa na upande mweusi: mwaka 1806 kati ya Walenape wa White River alihusika katika kusaka wachawi, na watu walichomwa moto, baadhi yao wakiwa Wakristo. Riwaya inayowaponda Wapuritani kwa kusaka wachawi imeliacha hilo kabisa. Nabii mwenye doa angekuwa mtu kamili zaidi kuliko mtakatifu aliyechorwa pale.

Nyota ya Kusini

Jambo la Nabii mwenye doa nalikubali. Kwa upande mwingine, kumbuka sura za mwanzo za Red Prophet, Lolla-Wossiky akiwa mlevi. Anakunywa kwa sababu tangu aone baba yake akiuawa ana kelele nyeusi kichwani, na pombe ndiyo pekee inayoizima. Harrison anayauza mapipa ya wiski kwa makusudi, anahesabu kabila gani litakwisha lini. Hakuna mtakatifu pale. Kuna mtu aliyevunjwa kwa sera.

Zahanati ya Vitabu

Wakuu, mbona hamjamgusa Arthur Stuart? Kwangu mimi Prentice Alvin ndicho kitabu bora cha mfululizo wote.

Alvin anarudi Hatrack kuwa mwanagenzi wa mhunzi. Kule kusini, mwanamke mtumwa amezaa mtoto na bwana wake, na mtoto atauzwa. Anatoroka naye mpaka ng'ambo ya mto, na anafika akiwa amekwisha nguvu. Anakufa kando ya mto. Mtoto analelewa na wazazi wa Peggy katika ile nyumba ya wageni, na anapewa jina la mfalme wa Camelot mwenyewe, Arthur Stuart.

Halafu wanakuja wasaka watumwa. Wana kipaji cha kumtambua mtu kwa unywele mmoja tu, popote alipo duniani. Hili ndilo linaloumiza: kipaji kilekile ambacho kwa mwingine kinatafuta kisima, kwao kinatafuta binadamu. Marekani halisi ilikuwa na sheria ya kurudisha watumwa waliotoroka tangu 1793, ikaongezwa makali 1850, na mto Ohio ndio uliokuwa mstari. Waliovuka walijua kwamba ng'ambo si salama mpaka wafike Kanada. Card ameichukua sheria ile na kuipa pua ya mbwa.

Alvin anamwokoa kijana kwa kumzamisha mtoni na kumbadilisha mwili wake, chembe kwa chembe, ili wasaka watumwa wasimjue. Anaokoka, lakini gharama ipo: Arthur alikuwa na kipaji cha kuiga sauti ya mtu yeyote au ndege yeyote sawasawa, na baada ya siku ile kinapotea. Hakuna mtu hapo anayesema uhuru umepatikana bure.

Mvuvi wa Hadithi

Dada Zahanati, umenimaliza. Nimekwisha kuanza kitabu cha kwanza tangu jana, nimefika kwenye mende. Je, nisome vyote sita au niishie wapi?

Msomavitabu

Soma vitatu vya kwanza bila kupumzika, maana vimeandikwa kwa mfululizo na vina moto mmoja. Ukimaliza Prentice Alvin, pale Alvin anapofua plau na kuigeuza dhahabu hai, utakuwa umepata hadithi iliyo na mwanzo na mwisho. Alvin Journeyman kina kesi mahakamani ambayo ni ndefu kupita kiasi, ingawa nduguye Calvin, mwenye uwezo karibu kama wake na wivu mkubwa kuliko uwezo, anafaa kufuatiliwa. Heartfire kinakwenda New England kwenye kesi za uchawi na Camelot kwa watumwa. The Crystal City kisome kwa ajili ya safari ya kuvuka Mizzipy, ndipo utajua Binti Pangani alikuwa anazungumzia ukungu gani.

Na kabla ya kufungua Red Prophet, tafuta habari za Gnadenhutten alizotaja Kumbukumbu. Halafu ukifika kwenye Tippy-Canoe, rudi hapa utuambie shamba la akina Miller umelionaje.